Volkano ya Mzee Yonazi

Mtu akiulizwa swali ambalo jibu lake ni jina moja tu, na jina hilo lingemwokoa, kwa nini anyamaze? Nilitoka na swali hilo kwenye chumba cha mkutano mjini Lushoto nikiwa na miaka ishirini na minne, shahada yangu ya jiolojia ikiwa bado ndani ya bahasha ya kaki, na sikuweza kulijibu. Nimeishi nalo miaka kumi na moja. Kuna wakati nilidhani nimelisahau, mpaka mwezi uliopita, simu iliponikuta Morogoro nikisahihisha kazi za wanafunzi na sauti ya Mama Hoza, mke wa Mzee Yonazi, ikasema, bila kulia, kwamba mzee amepumzika na mazishi ni kesho kutwa. Nilimpa pole. Baada ya kukata simu nikagundua kwamba jambo la kwanza lililonijia halikuwa sura ya marehemu. Lilikuwa lile swali, na nikaona aibu kwamba hata msibani mimi ni mtu wa kuuliza.

Mwaka ule nilipanda Lushoto kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Huko milimani nilisoma mpaka darasa la sita, kisha tukahama, kwa hiyo Kishambaa changu kilikuwa cha kusikia zaidi kuliko cha kusema, na watu walinijibu kwa Kiswahili hata nilipojaribu. Chama kidogo cha waongoza wageni kilitafuta mtu wa kutafsiri na kuandika barua. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, chenye harufu ya dawa za kunyunyizia kabichi hata siku ambazo duka lilifungwa. Ukutani palikuwa na ramani iliyochorwa kwa mkono, na mlangoni bango la mbao lenye orodha ya safari. Ya tatu kwenye orodha iliandikwa hivi: Volkano na Ziwa, safari nyepesi ya siku moja. Niliisoma nikacheka peke yangu. Milima ya Usambara ni miamba mikongwe iliyoinuliwa na nyufa za ardhi. Nilikuwa nimeandika mtihani mzima juu yake. Kuweka volkano pale ni sawa na kumweka nyangumi katika mto wa Soni.

Mwenyekiti wa chama, Bakari, alinipa nafasi ya kulala upande wa pili wa ukuta wa mbao, kwenye stoo. Kitanda kilitosha mtu asiyegeuka. Kila asubuhi niliamshwa na mazungumzo ya ofisini, kwa kuwa mbao zile zilizuia macho tu. Ndivyo nilivyomsikia Mzee Yonazi kabla sijamwona. Bakari alikuwa akimweleza kwamba amepatikana msichana wa chuo kikuu, na mzee akauliza jina langu. "Tumaini," Bakari akasema. "Tumaini yupi? Alisoma wapi?" Bakari akataja shule yangu ya msingi. Nikasikia kicheko kirefu chenye kikohozi ndani yake. Nilipotoka na mswaki mkononi nikamkuta mzee mwembamba, sweta la kijani, viatu vya mpira, anamenya tunda damu kwa kisu kidogo. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba, Mwalimu," akajibu, akanikatia nusu. Nikamwambia mimi si mwalimu. "Haya, Mwalimu," akasema, na hakuwahi kuniita jina jingine mwaka mzima. Nililichukua kama dhihaka kwa wasomi wasio na kazi. Nilikuwa mwepesi wa kuona dhihaka wakati ule.

Safari ya volkano ilikuwa yake. Aliianzisha yeye, na wageni wengi waliopita Lushoto waliitaka kwa sababu haikuwachosha. Mnateremka kwa gari hadi karibu na Soni, mnapanda kupitia kijijini kwa mguu kati ya mashamba ya karoti, baada ya saa moja na nusu hivi mnafika kileleni mwa mlima Kwembuzi. Juu pale mlima umebonyea kama bakuli, na asubuhi za baridi ukungu huinuka kutoka ndani ya bonde lile taratibu, mweupe, kama chungu kilichofunuliwa. Kisha mnashuka upande wa pili hadi ziwani. Ziwa lenyewe lilikuwa kama viwanja viwili vya mpira, limezungukwa na matete, na kando yake palikuwa na nyumba ya mzee, ambako mkewe, Mama Hoza, aliwapikia wageni makande. Alasiri mmerudi mjini. Kazi nzima ya yule mzee na mkewe ilisimama juu ya siku hiyo moja inayojirudia: yeye mlima, mke chungu.

Alikuwa na namna yake ya kuongoza ambayo iliniudhi, kisha ikanivutia, na sasa ninaiona kila ninapopanda ngazi na watu. Alitembea nyuma. Waongozaji wengine walikwenda mbele na fimbo, wakisimama kila kona kueleza, lakini Mzee Yonazi aliwaacha wageni watangulie, na kwenye njia panda aliita tu, "Kulia!" Nilimuuliza sababu. "Anayeijua njia haitazami," akasema. "Anatazama watu. Nikikaa mbele nitajuaje nani anachechemea?" Nikamuuliza wakipotea je. "Watapotea wapi, nami nipo nyuma yao?" Niliandika jibu hilo kwenye daftari langu na alama ya kuuliza mbele yake. Kila kitu mwaka ule nilikiwekea alama ya kuuliza. Niliuliza kwa nini wanaume wa kijijini wanasalimia mara tatu kabla ya kusema shida yao, kwa nini kengele ya kanisa inapigwa kabla ya saa, kwa nini Mama Hoza hapimi chumvi. Watu walijibu kwa subira, kama unavyomjibu mtoto aliyetoka kuugua.

Mara ya pili tulipopanda wawili tu, bila wageni, nilimkabili. "Mzee, unajua kwamba hii si volkano?"

"Volkano ni nini, Mwalimu?"

"Mlima unaotokana na moto wa chini ya ardhi."

"Una shimo juu?"

"Mara nyingi."

"Unatoa moshi?"

"Ukiwa hai. Lakini huu ni ukungu, mzee. Na shimo hili ni ardhi iliyomeguka. Angalia mawe. Hakuna jiwe hata moja la moto hapa."

Aliyatazama mawe kwa heshima, kama watu ninaowatambulisha kwake. Kisha akasema, "Somo lenu linabadilika haraka, Mwalimu." Akacheka tena kile kicheko chake, akanionyesha njia ya kushuka. Sikuelewa alichekea nini. Nilidhani ameshindwa hoja na ameamua kunifanyia mzaha, na nikaweka moyoni kwamba siku moja nitamshinda mbele ya watu watakaoelewa.

Siku hiyo mvua ilitukamata ziwani, tukajibana jikoni kwa Mama Hoza. Lilikuwa jiko la udongo lenye dari nyeusi ya moshi, magunzi yamepangwa ukutani, na chungu cha makande kikizungumza chenyewe kwenye mafiga. Nilivua viatu nikavisogeza motoni. Mama Hoza aliviondoa haraka. "Hapana, mwanangu. Hapa viatu vinaungua." Mzee Yonazi alicheka mpaka akashika ubavu. Mkewe alimwambia neno moja la Kishambaa, kali, ambalo sikulijua, na mzee akaacha kucheka. Mimi nikawasimulia kwamba viatu na mimi tuna historia mbaya: utotoni tulipelekwa na shule mahali fulani penye maji, sikumbuki wapi, mvua ikanyesha, na kilichobaki akilini mwangu ni kiatu cha kushoto kilichoungua kisigino na fimbo nilizopata nyumbani. "Pole," akasema Mama Hoza, akinipakulia, wala hakuniangalia. Makande yalikuwa na nazi kidogo na yalikuwa ya moto mno. Nilikula nikihisi kwamba wale wawili wana mazungumzo yao ambayo mimi nimeyakalia.

Usiniulize kwa nini sikukumbuka. Nimejiuliza vya kutosha. Mtoto anapelekwa kwenye lori, amebanwa katikati ya wenzake, anaona migongo; anashushwa penye ukungu, anapandishwa, anateremshwa, anarudishwa. Jina la mahali hubaki kwa mwalimu wake.

Kupitia mbao za stoo nilisikia mengi, na moja nililisikia vibaya. Si kwamba maneno yalinipita. Sikuyapa uzito wake. Bakari alikuwa akilalamika asubuhi moja, "Mzee, huyu binti atatuletea maneno. Kila mgeni anamwambia hili si hakika, lile si hakika. Watu wanakuja kupumzika, si kufanya mtihani." Mzee Yonazi akamjibu, "Mwache aulize. Yule akiacha kuuliza, hapo ndipo uogope." Nilijigeuza kwenye kile kitanda kisichogeuzika, nikafurahi kwamba nimetetewa, na furaha yenyewe ikanikera. Nilitaka awe mdanganyifu. Mdanganyifu anayekutetea anakuvurugia hesabu.

Walikuja wageni wanne mwezi wa saba, wakati wa baridi, ukungu ukiwa mzito. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye kofia ya sufu, alipofika ukingoni alifumba macho na kusema kwamba anauhisi moto chini ya miguu yake. Nilikuwa mkalimani. Mzee Yonazi, nyuma kabisa, alikuwa akisema kwa Kiswahili maneno yake ya siku zote: mlima huu ni volkano iliyolala, tusiiamshe, tushuke taratibu. Nikafungua mdomo kuyatafsiri, na badala yake nikasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba hii si volkano, haijawahi kuwa, kwamba wanachokiona ni maporomoko ya zamani na mvuke wa asubuhi, na kwamba mimi nimesomea. Nakumbuka raha iliyonipanda kifuani. Nakumbuka pia uso wa yule mama alipofungua macho. Hakukasirika na mlima. Alimtazama Mzee Yonazi, ambaye hakujua Kiingereza, na mzee akamwinamia kidogo kwa adabu, akidhani amesifiwa.

Niliposhuka hatua chache niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Mzee alikuwa ametangulia. Alikuwa amesoma nyuso za watu, kazi yake miaka yote, akajua. Alikwenda mbele mpaka ziwani bila kugeuka, sisi tukimfuata, na mgeni mmoja aliteguka kifundo cha mguu, na mzee hakumwona.

Wageni waliandika malalamiko katika kitabu cha ofisi. Waliandika kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza Bakari. Chama kikakaa. Chumba kilikuwa kimejaa, viti havikutosha, mlango uliachwa wazi na harufu ya dawa ya mboga ikaingia pamoja na baridi. Mzee Yonazi alikaa kiti cha nyuma. Bakari, aliyekuwa na umri wa mwanawe, alianza kwa shikamoo, akapokea marahaba. Kisha akasema jambo ambalo kila mtu pale alilielewa: kama mzee ametunga uongo mwenyewe, sheria ya chama ni kurudisha kitambulisho, na bila kitambulisho haongozi tena. Lakini kama aliambiwa na mtu, basi amekosea tu, na kukosea kuna msamaha.

"Niliambiwa," akasema Mzee Yonazi.

"Na nani, mzee?"

"Na mtu aliyesoma."

"Jina lake nani?"

Hakujibu. Bakari alijiegemeza mezani. "Mzee wangu, nakuomba. Mtaje. Tutamwita yeye, tutamuuliza yeye. Wewe utaondoka na kitambulisho chako."

Mtu mmoja dirishani akasema kwa utani, "Au aliyekwambia ni shetani?" Wachache wakacheka. Mzee alikuwa akitazama ile ramani ukutani. Na hapo mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza kitu, nikasimama. Nayajua maneno yangu yote. Nilisema, "Mtaje, mzee. Mtu anayepotosha wengine kwa jina la elimu lazima ajulikane."

Aligeuka akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena. Haikuwa hasira; ningeijua hasira, ningeijibu. Alinitazama kama vile alivyowatazama wageni wakipanda, kuona kama nachechemea.

"Hakupotosha," akasema. "Alisema alichofundishwa." Akatoa kitambulisho shingoni, akauzungusha uzi wake vizuri kwenye vidole viwili, akakiweka mezani mbele ya Bakari, akatoka. Nje nilisikia mtu akimsalimia kwa Kishambaa, naye akaitikia salamu zote tatu, bila kuruka hata moja.

Neno volkano lilifutwa kwenye bango kwa rangi nyeupe. Likabaki Ziwa tu, na ziwa peke yake, nikwambie ukweli, si kitu cha kumtoa mgeni kitandani. Kabla ya mwaka kuisha mzee alikuwa akilima kabichi, na Mama Hoza alikuwa akiuza makande kwenye soko la Soni, kwenye ndoo, kwa watu wasio na muda wa kukaa. Mimi nilipata kazi. Barua ya kunisifu aliiandika Bakari mwenyewe: mkweli, mwenye kufuatilia, haogopi kuuliza. Nilikwenda kumuaga mzee nikamkuta shambani. Alinichagulia kabichi kubwa, akaifunga kwa majani ya mgomba nisichafue begi. "Safari njema, Mwalimu," akasema. Nilibaki nimesimama, kabichi mikononi kama mtoto wa mtu mwingine. Nilikuwa sahihi. Kila mtu alikubali kwamba nilikuwa sahihi. Sasa kwa nini nilikuwa natafuta neno la kuomba radhi, na kwa kosa gani? Nilichanganyikiwa hivyo njia nzima ya kushuka milima mpaka Mombo, na kwa kiasi fulani nimechanganyikiwa tangu siku hiyo. Darasani, mwanafunzi akitoa jibu baya kwa sauti ya uhakika, hunichukua muda kumsahihisha, na wenzangu huniona mlegevu.

Alizikwa siku ya ukungu. Kwaya ya kanisa iliimba kwa Kishambaa, na watu wa msikitini waliochimba kaburi walisimama kando, mikono imefungwa kwa heshima, Bakari akiwa kati yao, mvi zimemwingia. Baada ya chakula Mama Hoza aliniita jikoni. Chumba kilikuwa kilekile, magunzi yaleyale. Alikaa kwenye kigoda akafungua Biblia ya mumewe, kubwa, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia, akatoa karatasi ya daftari la mistari iliyokunjwa mara nne.

"Alinikataza nisikuonyeshe akiwa hai," akasema. "Nilimwambia siku ile ya kikao, nenda nayo, waonyeshe. Akasema, nikimtaja atakoma kuuliza, na mtu kama yule akikoma atakuwa nani?"

Nilifunua ile karatasi. Palikuwa na mlima uliokatwa katikati kama papai, umechorwa kwa penseli. Ndani yake palipakwa rangi nyekundu. Juu, mistari ya moshi. Mshale ulielekea chini, na pembeni yake herufi kubwa za mtoto anayebonyeza penseli sana: MOTO UKO HAPA. Chini kabisa, VOLKANO, imepigiwa mstari kwa rula.

Mama Hoza akaeleza huku akichochea kuni, kana kwamba ananieleza habari za jirani. Watoto wa shule walikuja na lori kuona ziwa, mvua ikanyesha, wakaingia humu jikoni wote. Mume wake, ambaye wakati huo alikuwa akiwapeleka watu ziwani tu, aliwauliza watoto kwa nini mlima wake unatoa moshi asubuhi. Hakuna aliyejua ila mmoja, mwembamba, aliyekuwa amekaa hapo karibu na mafiga. Alisimama, akajibu kwa sauti ya juu, na mzee alipoonekana kusitasita akaomba karatasi, akamchorea. Alishughulika na kuchora mpaka kiatu chake kikaungua.

Kwenye kona ya karatasi paliandikwa Tumaini, Darasa la Tano B. Kabla ya siku hiyo mlima ule haukuwa na jina jingine zaidi ya Kwembuzi.